Elimu Iliyotoka Mara na Irudi Mara

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huu tumezoea kuwaambia wenye maduka na makatibu wa vyama vya ushirika. Lakini elimu nayo ni mali, na mali hiyo watu wa Mkoa wa Mara wameitoa kwa miaka mingi bila ya kujua imeandikwa katika daftari la nani, wala daftari hilo limefungwa kwa kufuli la nani.

Tutazame mifano miwili. Mwaka 2003 kilitolewa kitabu kikubwa kiitwacho Telling Our Own Stories, kilichokusanya historia za makabila ya Mara ya Kusini zilizoandikwa na wenyeji wenyewe. Mhariri wake ni Jan Bender Shetler, mwanahistoria Mmarekani aliyefanya kazi ya heshima. Maneno ni ya wazee wetu, mito na vilima vinavyotajwa ni vyetu. Lakini mchapishaji ni Brill, kampuni ya mji wa Leiden katika Uholanzi, ambayo vitabu vyake vya namna hiyo huuzwa kwa maktaba kubwa za Ulaya na Marekani kwa bei ambayo mshahara wa mwalimu wa shule ya msingi hauwezi kuikaribia. Mjukuu wa mzee aliyeandika historia hiyo akitaka kuisoma, hana budi kuitafuta ng'ambo.

Mfano wa pili ni wa ziwa letu. Tangu mwaka 1977 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Leiden, mji ule ule, walikaa katika Ghuba ya Mwanza wakichunguza samaki wadogo tunaowaita furu. Ni wao walioshuhudia, mwaka hata mwaka, jinsi sangara aliyeletwa katika ziwa miaka ya 1950 na 1960 alivyoongezeka na furu wakatoweka. Walikadiria kuwa aina zipatazo 200 za samaki hao huenda zimepotea. Habari hiyo inamhusu nani kuliko mvuvi anayetia nanga Mwigobero? Lakini sehemu kubwa ya maandishi yake ilitoka katika majarida ya nje, kwa lugha ya nje, na kwa bei ya nje.

Hatuwalaumu wageni hao. Walifanya kazi yao, nao wakapeleka maandishi yao mahali palipokuwa na mchapishaji. Swali ni letu sisi: mchapishaji wetu yuko wapi?

AZIMIO LILILOTOKA MUSOMA

Swali hilo lina haki ya kuulizwa Musoma kuliko mahali pengine popote. Mwezi Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana katika mji huo, ikatoa azimio linaloitwa hata leo Azimio la Musoma. Azimio lile liliharakisha mpango wa kumpatia kila mtoto elimu ya msingi, likataka elimu iungwe na kazi, na likaamua kwamba kijana anayetaka kuingia Chuo Kikuu aanze kwa kufanya kazi katikati ya wananchi. Kanuni ile ya kuingia Chuo Kikuu ililegezwa baadaye na mambo yakabadilika. Lakini fikra iliyokuwa ndani yake haijazeeka: msomi ana deni kwa wale waliomsomesha.

Huko Buhare, ndani ya Manispaa ya Musoma, kiko Chuo cha Maendeleo ya Jamii. Kazi ya vyuo vya namna hii ni kuwafundisha vijana watakaofanya kazi na wananchi vijijini na mitaani, kuhusu visima, vikundi vya akina mama, lishe ya watoto na akiba ya pamoja. Kijana wa fani hii hupelekwa kwenye mazoezi, huuliza, husikiliza, huandika ripoti. Na huko Butiama, kijiji alichozaliwa Mwalimu mwaka 1922, pamepewa makao ya Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia kinachoitwa kwa jina lake. Basi Mara haikosi watu wa kuuliza wala watu wa kuandika. Kinachokosekana ni njia ya kulitoa andiko kabatini na kulifikisha mkononi mwa msomaji. Ripoti ikishatiwa maksi na kuwekwa kwenye rafu, imekufa. Na mwaka unaofuata kijana mwingine huenda kijiji kile kile kuwauliza watu wale wale maswali yale yale.

NINI MAANA YA UCHAPISHAJI HURIA

Dawa inayopendekezwa na wengi duniani inaitwa uchapishaji huria. Mwezi Februari 2002 lilitolewa tamko la Budapest, katika Hungaria, lililosema kuwa maandishi ya kitaalamu yawekwe katika intaneti, asomaye asitozwe kitu, na awe huru kuyanakili na kuyagawa, mradi tu amtaje mwandishi na asiyapotoshe. Mwandishi hanyang'anywi haki yake. Yeye mwenyewe, kwa leseni iliyoandikwa wazi mwanzoni mwa kitabu, huwaruhusu watu wote kukitumia.

Haki ya jambo hili ni rahisi kuiona tukifuata safari ya fedha. Mwananchi hulipa kodi. Kodi humlipa mhadhiri mshahara, kisha hulipia utafiti wake. Mhadhiri akimaliza humpa mchapishaji wa nje makala yake bure, na mhadhiri mwenziwe huisoma na kuisahihisha bure. Kisha mchapishaji huyo hukiuzia chuo kile kile jarida lenye makala ile ile. Mkulima gani angekubali kulima, kupalilia na kuvuna, akapeleka pamba ghalani bila malipo, halafu akanunue mbegu ya pamba yake mwenyewe? Vyama vya ushirika vya kanda yetu ya Ziwa vilizaliwa miaka ya 1950 kwa sababu wakulima wa pamba walichoka kupunjwa kwenye mizani. Wasomi nao wanayo mizani yao, na inawapunja.

HURIA SI SAWA NA BURE

Hapa yatupasa tusimame, maana ndipo wengi wanapoteleza. Wakisikia kwamba msomaji halipi, hudhani kwamba hakuna anayelipa. Sivyo. Lazima mtu alipe, na shabaha ya mjadala wote ni kuamua nani.

Makampuni makubwa yamekwisha kutoa jibu lao: alipe mwandishi. Tangu mwaka 2021 jarida la Nature la Uingereza lilimtaka mwandishi anayependa makala yake isomwe huria alipe Euro 9,500, ambazo kwa thamani ya wakati ule zilipita shilingi milioni 20. Mlango wa msomaji umefunguliwa, wa mwandishi umefungwa. Wapo wachapishaji wanaotoa msamaha kwa waandishi wa nchi maskini. Lakini anayeishi kwa kuomba msamaha hajawa huru, maana aliyeutoa leo aweza kuuzuia kesho.

Lipo jibu jingine, nalo limetoka kwa ndugu zetu wa Amerika ya Kusini. Mwaka 1998 Brazil ilizindua mpango uitwao SciELO, ulioanzishwa kwa fedha za umma za jimbo la São Paulo, ukayakusanya majarida ya vyuo mahali pamoja ili yasomwe na kila mtu. Nchi nyingine za bara lile zilifuata, na Afrika ya Kusini nayo ikajiunga. Huko majarida mengi huendeshwa na vyuo na vyama vya wataalamu wenyewe, na fedha za umma huhesabiwa kuwa ni sehemu ya gharama ya utafiti, kama vile bei ya darubini au mafuta ya gari la kwenda vijijini. Hapo ndipo siri ilipo. Taifa likishalipia utafiti, kuuchapisha ni hatua ya mwisho ya kazi ile ile. Anayeiacha hatua hiyo ni sawa na mjenzi aliyepandisha kuta akaacha paa.

KAZI YENYEWE NI IPI

Tuseme basi chuo cha Mara kinataka kuanzisha idara ndogo ya uchapishaji. Kazi yake itakuwa nini?

Andiko likifika, mhariri hulisoma kwanza ili ajue kama lafaa kuendelea. Kisha hulipeleka kwa wataalamu wawili wa fani hiyo, ambao kwa desturi hawatajwi kwa mwandishi, nao hueleza udhaifu wake. Mwandishi hurekebisha. Baada ya hapo huja uhariri wa lugha, mstari kwa mstari, kazi ambayo haionekani ikifanywa vizuri na huaibisha ikifanywa vibaya. Kisha kurasa hupangwa, prufu husomwa, ramani na picha huombewa ruhusa. Kitabu hupewa namba ya kimataifa, inayotolewa hapa nchini na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na nakala huwekwa katika maktaba ya taifa. Mwishoni huwekwa katika intaneti pamoja na maelezo ya kukitambulisha: mwandishi, mada, mwaka, lugha. Bila maelezo hayo, kitabu kilichomo mtandaoni ni kama mtu aliyeingia mji mgeni bila anwani.

Mitambo si tatizo kubwa tena. Tangu mwaka 2001 ipo programu iitwayo Open Journal Systems, iliyotengenezwa na wanazuoni wa Kanada na kutolewa bila malipo, nayo huendesha maelfu ya majarida ulimwenguni. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huitumia kwa majarida yake. Kompyuta moja nzuri, umeme wa kutegemewa na mkutubi aliyefundishwa vyatosha kuanzia. Lakini programu haisomi andiko, haimkumbushi msahihishaji aliyechelewa, wala haijui tofauti ya hoja na porojo. Kazi hizo zataka binadamu, na binadamu ataka mshahara.

MAFUNZO KUTOKA MLIMANI

Historia ya Chuo Kikuu chetu cha kwanza inatupa mizani ya kupimia jambo hili. Mwezi Novemba 1969 wanafunzi wa Mlimani walitoa toleo la kwanza la jarida lao liitwalo Cheche. Lilikuwa la tawi la vijana wa TANU pamoja na chama cha wanafunzi wanamapinduzi wa Afrika. Hawakuwa na kiwanda. Walipiga chapa kwa stensili, wakazungusha mashine kwa mikono yao, wakakunja na kubana kurasa wenyewe. Mwezi Septemba 1970 walitoa andiko la Issa Shivji kuhusu mapambano ya kimyakimya ya matabaka katika Tanzania, na andiko lile lililotoka katika stensili likajadiliwa mbali na mipaka ya nchi hii; mwaka 1973 Tanzania Publishing House ikalitoa kwa umbo la kitabu. Lakini Cheche lenyewe halikudumu. Novemba 1970 lilipigwa marufuku, kwa sababu, ilisemwa, jina lake liliazimwa kutoka gazeti la Lenin, na taifa halikuhitaji fikra za kuazima. Lilikuwa limeishi mwaka mmoja.

Tuliweke kando ya jarida la Kiswahili, linalotolewa na taasisi ya lugha ya chuo hicho hicho. Mizizi yake yafika mwaka 1930, enzi za Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki, wakati lilipokuwa taarifa tu ya wanakamati. Limebadilishwa jina, limehama miji, limepita katika mikono ya wakoloni na kufika katika mikono ya wananchi, nalo lingali likitoka baada ya miaka zaidi ya 90.

Tofauti yao ni nini? Si akili, maana wanafunzi wale walikuwa na akili nyingi, wala si ushujaa, maana walikuwa nao hata ukazidi. Jarida la Kiswahili lilikuwa na nyumba: ofisi, mhariri aliyeajiriwa, fungu katika makisio ya kila mwaka, na baraza la kulisimamia na kulitetea. Cheche lilikuwa na mioyo ya vijana, na vijana humaliza masomo wakaondoka. Moyo wa kujitolea hukiwasha chombo. Kinachokipeleka mbali ni ratiba na mshahara. Na funzo la pili ni kwamba uhuru wa mhariri wahitaji kuandikwa katika kanuni za chuo mapema, ili andiko lihukumiwe kwa uzito wa hoja zake na wataalamu wanaolielewa. Chombo kisicho na kanuni hiyo humtegemea mkubwa aliyepo leo.

WALANGUZI WA ELIMU

Kukosekana kwa nyumba yetu wenyewe kumeleta balaa jingine. Wamezuka wachapishaji wa kilaghai wanaojiita huria. Humwandikia mhadhiri kijana barua ya kumsifu, humwahidi kumchapisha kwa siku chache, humtoza dola, kisha hawamsomi wala hawamsahihishi. Hao ni walanguzi. Wanajua kwamba kijana yule anataka kupandishwa cheo na cheo hutaka makala. Basi wamesimama penye kivuko wakiuza maji ya mto.

Na hata kwa majarida ya haki, mvuto wote ni wa kwenda nje. Mwaka 2022 Serikali ilitangaza tuzo ya fedha kwa wanasayansi wetu wanaofaulu kuchapisha katika majarida yenye sifa kubwa duniani. Nia ni njema, na Mtanzania akishinda katika uwanja mkubwa twashangilia sote. Hata hivyo yafaa tujiulize: yule aliyeandika kitabu chepesi kuhusu magonjwa ya mihogo, kikasomwa na mabwana shamba wa Bunda na Butiama, yeye amewekewa tuzo gani? Ikiwa kazi ya kuhariri jarida la nyumbani haihesabiwi wakati wa kupandishwa cheo, ni nani mwenye watoto wa kusomesha atakayeifanya?

KARATASI BADO INATAKIWA

Lipo kosa jingine la kujihadhari nalo, kosa la kudhani kuwa kitabu kikiwekwa mtandaoni kimekwisha kumfikia kila mtu. Simu ina bei, kifurushi cha intaneti kina bei, na kurasa 200 katika kioo cha simu humchosha hata kijana. Ziwa letu lilijua njia bora zamani. Mwaka 1968 ulianza mradi wa elimu ya watu wazima uliosaidiwa na UNESCO katika mikoa ya Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambayo leo inaitwa Kagera. Vitabu vyake vya kujifunza kusoma viliandikwa juu ya kazi ya msomaji mwenyewe: pamba, ng'ombe, uvuvi, utunzaji wa nyumba. Mkulima alijifunza herufi na kupanda kwa mstari katika ukurasa mmoja. Katika miaka ya 1970 likafuata gazeti la vijijini lililotolewa Mwanza, Elimu Haina Mwisho, ili aliyejua kusoma asisahau kwa kukosa cha kusoma.

Waanzilishi wa mradi ule hawakulijua neno huria kwa maana ya leo, lakini jambo lenyewe walilitenda. Idara ya uchapishaji ya chuo yafaa ifuate nyayo zao. Kwa kila kitabu kiwekwacho mtandaoni, zichapwe nakala chache za karatasi kwa ajili ya shule, zahanati, ofisi za kata na maktaba, ziuzwe kwa gharama ya karatasi na wino tu. Na kwa kila utafiti ulioandikwa kwa Kiingereza, utolewe muhtasari wa Kiswahili ambao mvuvi na mama wa kikundi cha akiba waweza kuusoma.

Wanaosema Kiswahili hakiwezi kubeba mzigo huo wamekwisha jibiwa na mwana wa Butiama. Mwaka 1963, angali Rais mwenye shughuli zisizo na kifani, Mwalimu alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar wa Shakespeare, na mwaka 1969 akatoa Mabepari wa Venisi. Nani aliyevichapisha vitabu hivyo? Oxford University Press, yaani idara ya uchapishaji ya Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza. Waingereza walielewa karne nyingi zilizopita kwamba chuo kisichochapisha kimekatwa ulimi. Nasi tulipotaka kusema kwa lugha yetu, tulikwenda kusemea kinywani mwao.

LIFANYWE NINI

Basi wakati umefika. Hatudai jumba la ghorofa wala mitambo ya mamilioni. Yatosha kuanza na mambo manne.

Kwanza, chuo kitenge fungu la uchapishaji katika makisio yake ya kila mwaka, dogo lakini la kudumu, na kila mradi wa utafiti uache sehemu yake kwa kazi hiyo. Fedha za mfadhili zitumike kununulia vifaa, mishahara isizitegemee; mfadhili huondoka.

Pili, waajiriwe watu wawili tu kwa kuanzia, mhariri na mpangaji wa kurasa, wasaidiwe na mkutubi wa chuo. Kazi ya kuhariri na ya kusahihisha maandishi ya wengine ihesabiwe katika kupandishwa cheo kama inavyohesabiwa kufundisha.

Tatu, vyuo vishirikiane. Haifai Buhare, Butiama, Mwanza na Bukoba kila mmoja awe na mtambo wake unaokoroma peke yake. Programu moja, mhariri wa lugha mmoja, wasahihishaji wa kubadilishana. Huo ni ushirika, nasi tunaujua. Tena nakala zihifadhiwe mahali zaidi ya pamoja, ili kompyuta moja ikiungua, elimu isiungue nayo.

Nne, ianzwe na vitu vichache vinavyotakiwa na watu. Ripoti bora za wanafunzi zilizosafishwa. Historia za wazee, kwa idhini yao na kwa majina yao. Maarifa ya ziwa na mashamba. Vitabu vitatu vilivyohaririwa vizuri katika mwaka vina heshima kuliko thelathini vyenye makosa.

Wazee wa Mara waliyahifadhi masimulizi yao vizazi na vizazi bila kalamu, na walipopata kalamu wakaandika bila kulipwa. Walisimulia ili wajukuu wasikie. Jasho la kodi ya mkulima, mfanyakazi na mvuvi ndilo lililovijenga vyuo vyetu, na vyuo vikiwarudishia maandishi vitakuwa vimelipa deni. Hilo laweza kuanza katika chumba kimoja chenye meza mbili, mradi mwenye ufunguo wa chumba hicho awe ni sisi wenyewe.